Binti wa Wete na chuo cha kanisa

Swali

"Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ni binti wa Wete, Pemba, nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa Historia, Kiswahili na Kiingereza. Nimepata nafasi bara, chuo kikuu cha kanisa, kusomea ualimu pamoja na fasihi ya Kiingereza. Ninachokitaka hasa ni kuandika. Baba hakukataa, lakini usiku halali, anaogopa nitarudi siye niliyeondoka. Mjomba anasema fasihi ya Kiingereza ni hadithi za watu, haimlishi mtu. Na mimi nina hofu yangu: Kiingereza nakisoma vizuri, kukiandika ndiyo kazi. Niende? Na nikienda nijitayarishe vipi?"

Jibu

Waalaykum salaam warahmatullah, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na maneno ya baba yako ndiyo yaliyonikaa zaidi, kwa sababu baba yangu mimi naye hakulala. Niliondoka Unguja nikenda chuo cha kanisa bara kusoma hiyo hiyo fasihi ya Kiingereza, na mpaka leo ndiyo ninayoisomesha. Kwa hivyo sikujibu kwa kukisia. Nenda. Lakini kabla hujakata tiketi ya boti yapo ya kuuliza, na ipo elimu unayoondoka nayo kwenu ambayo hukuitaja katika barua yako, naona kwa kuwa hujaihesabu kuwa ni elimu.

Nianze na baba, maana ruhusa ni yake. Hofu yake haikutoka hewani. Kwetu sisi chuo ni madrasa, pale tulipofunzwa alifu na bee, na kanisa ni lile jengo la Mkunazini lililosimamishwa pahala pa soko la watumwa lililofungwa 1873. Ukiyaweka maneno hayo mawili pamoja, chuo cha kanisa, unamgusa mzee wa Kizanzibari pahala ambapo mtu wa bara huenda asipaone. Tena historia iko upande wake. Misheni ya Waanglikana iliyojulikana kwa jina la UMCA ilihamia Unguja 1864, na huko Kiungani, kusini ya mji, ikaweka Skuli ya St. Andrew's kwa vijana waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kusudi lake halikufichwa: kulea walimu na makasisi wa Kikristo. Baba yako akiuliza wanataka kumfanya nini mwanangu, anauliza swali la zamani, na anastahiki kujibiwa, tena kwa adabu.

Ila Kiungani hiyo hiyo ina la kukufunza wewe unayetaka kuandika. Mwaka 1887 kilitoka London kitabu cha habari za maisha ya vijana wale. Walioandika ni wao wenyewe, kwa Kiswahili, na aliyeyatia maandishi yao katika Kiingereza ni A. C. Madan wa misheni. Nilipokisoma kwa mara ya kwanza nilikuwa nikisimama kila sentensi: hapa anasema kijana aliyeuzwa, au anasema Madan? Neno hili la huruma ni la nani? Hili la kulaumu ni la nani? Sikupata jibu kila pahala, lakini kule kuuliza ndiko nilikokuja kukuta kuwa ndiyo kazi yenyewe ya kusoma fasihi. Mtu asiyefunzwa kuuliza hivyo anakipokea kitabu kama anavyopokea hewa.

Na hebu mwambie baba kisa cha Sheikh Abdulaziz. Edward Steere wa misheni ile ile, aliyekuja baadaye kuwa askofu, alikuwa akijifunza Kiswahili hapa mjini miaka ile ya 1860. Mwaka 1867 alikwisha chapa hapa Unguja kijitabu alichokiita Hadithi za Kiingereza, visa vya tamthilia za Shakespeare kama vilivyosimuliwa upya na Charles Lamb na dada yake Mary. Miaka mitatu baadaye akatoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili, na katika dibaji yake anaeleza kwamba Sheikh Abdulaziz, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Zanzibar, alijitolea mwenyewe kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho safi kabisa. Kazi ilifika Zaburi ya kumi na sita ikasimama. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na Steere anakiri kuwa lugha yake ilikuwa ya kisomi mno kwa kazi ile aliyoikusudia. Hata hivyo alizichapa zile kumi na sita, ziwe kumbukumbu ya wema wa sheikh na mfano wa Kiswahili cha mtu aliyebobea.

Mimi kisa hiki nakipenda kupita kiasi. Namuona sheikh amekaa na Zaburi ya Nabii Daudi mbele yake, anapima neno, analitoa, analirudisha. Hakuna aliyembadilisha. Alikuwa na elimu yake, na kwa sababu alikuwa nayo aliweza kukaa meza moja na mmisheni bila ya kutetemeka.

Sasa chuo chako. Bara viko vyuo vikuu vingi vilivyoasisiwa na makanisa: Mtakatifu Agostino cha Mwanza ni cha maaskofu Wakatoliki, St. John's cha Dodoma ni cha Waanglikana, Tumaini Makumira karibu na Arusha ni cha Walutheri, na Waadventista nao wanacho chao huko huko Arusha. Vyote viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na vinapokea wanafunzi wa dini zote. Lakini havifanani kwa desturi, na desturi ndiyo utakayoishi nayo miaka mitatu. Kwa hivyo mwandikie ofisi ya udahili barua, usipige simu, ili jibu lije kwa maandishi na baba alisome kwa macho yake. Uliza kama kuhudhuria ibada ni lazima au ni hiari. Uliza kama liko somo la dini linalolazimishwa kwa kila mwanafunzi, na uombe muhtasari wake, kwa sababu somo la maadili ni jambo moja na somo la mafundisho ya kanisa ni jambo jingine. Uliza kuhusu mtandio darasani, kwenye mtihani na kwenye picha ya kitambulisho. Uliza saa ya Ijumaa mchana ratiba inakuwaje. Kama ni kwa Waadventista ujue kuwa Jumamosi kila kitu kimefungwa, na ujue vile vile, baba atafurahi kusikia, kwamba nguruwe na ulevi kwao ni marufuku kama kwetu.

Kama siku moja utafikiria kwenda Marekani, pale uwe mkali zaidi. Viko vyuo vya Kikristo kule vinavyomtaka mwanafunzi asaini tamko la imani au ahadi ya mwenendo kabla ya kupokewa. Usisaini usichokiamini, hata kwa ufadhili. Hilo halina mjadala.

Mimi nilikokwenda hakuna aliyenilazimisha kuingia kanisani. Jumatano saa nne ofisi zote zilifungwa kwa ajili ya misa, na saa ile nilikuwa nakaa maktaba peke yangu na mkutubi, nikaja nikaipenda. Shida zilikuwepo. Mlinzi mmoja wa mlangoni aliwahi kuniamrisha nivue mtandio nifanane na picha aliyoitaka yeye. Nilikwenda kwa mlezi wa wanafunzi na barua mkononi, na jambo likaisha siku ile ile. Ramadhani jiko la chuo halikufunguliwa kwa daku, na kupika bwenini kulikatazwa. Nilikuwa natia uji katika chupa ya chai tangu saa tatu usiku, na tende, na mkate, na aliyekuwa akiniamsha ni mwenzangu wa chumba, Mlutheri wa Singida, ambaye usingizi wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Mwambie baba na hilo.

Jambo lililoniumiza kweli mwaka wa kwanza halikuwa la ibada. Lilikuwa la insha.

Tulipewa shairi la William Blake, mshairi wa Kiingereza, la 1794, lile la chui milia. Ni fupi, beti sita za mistari minne minne, na tangu mwanzo mpaka mwisho ni maswali matupu: mshairi anamuuliza yule mnyama ni mkono gani uliomuumba, ni moto gani, ni nyundo gani. Mimi nilifurahi. Nikasema hili nalijua. Nikajaza kurasa nne juu ya uwezo wa Mwenyezi Mungu katika viumbe vyake, nikaweka na aya za Kurani nilizozihifadhi tangu chuoni. Padri aliyetusomesha akanirudishia imeandikwa mstari mmoja chini kwa wino mwekundu: umenieleza unachokiamini, shairi liko wapi?

Nililia, mwanangu. Nilisema huyu amenichukia kwa dini yangu, baba alikuwa sahihi. Nikatoka nje na karatasi yangu nimeikunja. Kwenye baraza nikamkuta binti wa mchungaji, wa Njombe, naye macho mekundu. Akanifunulia yake. Mstari ule ule, wino ule ule. Yeye alikuwa amejaza kurasa nne juu ya Yesu.

Siku ya pili padri alituweka sote wawili mbele ya shairi akasema tusiseme lolote juu ya Mungu mpaka tumwambie ubeti wa kwanza na wa mwisho vinatofautiana wapi. Mimi nilidhani vimefanana, kibwagizo tu. Tukavisoma neno kwa neno. Tofauti ni moja. Mwanzoni Blake anauliza ni nani aliyeweza kumuunda mnyama wa kutisha namna ile, na mwishoni anauliza ni nani aliyethubutu. Kutoka kuweza mpaka kuthubutu! Beti nne za katikati ndizo zilizolisogeza swali, kutoka kwenye nguvu ya muumba mpaka kwenye ujasiri wake. Insha yangu ilikuwa imelala pale katika neno moja, na mimi nilikuwa nimepita juu yake nikihubiri.

Kisha akatuonyesha ubeti wa tano, pale Blake anapomuuliza chui kama aliyemuumba Mwanakondoo ndiye aliyemuumba na yeye. Hapo binti wa Njombe alinipita. Mimi kondoo niliyemjua ni wa Nabii Ibrahim na wa Iddi ya kuchinja. Yeye alijua kwamba katika Injili ya Yohana Yesu anaitwa Mwanakondoo wa Mungu, na kwamba Blake, miaka mitano kabla, alikwisha kuandika shairi jingine la mwanakondoo ambamo anasema wazi kuwa muumba wake naye hujiita kwa jina hilo hilo. Bila ya kujua hayo, mstari ule kwangu ulikuwa mnyama mkali na mnyama mpole tu. Kwa kuyajua, swali likawa zito: yule mpole aliyejitoa kafara na huyu mrarua nyama, muumba wao ni mmoja? Sikutakiwa niamini. Nilitakiwa nisikie Blake anachokisikia anapotamka neno lile, kama unavyojifunza mila za nyumba ya watu ili uelewe mazungumzo ya sebuleni kwao.

Ndiyo maana nakwambia, kabla hujaondoka soma Biblia. Usishtuke. Huisomi yote. Soma Mwanzo, Ayubu, Zaburi kadhaa, Injili ya Luka na ya Yohana. Fasihi ya Kiingereza kabla ya karne iliyopita imeandikwa na watu walioisikia Biblia kila Jumapili tangu utotoni, hata wale waliokuja kuikataa. Mfano wa mwana mpotevu haumo katika Kurani, na waandishi wa Kiingereza hawauelezi, wanaugusa tu wakapita. Wenzako Wakristo watakuwa nao tayari. Wewe usiwe wa kuuliza.

Sasa ile elimu unayoondoka nayo. Soma riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise, ya 1994. Ipo pia kwa Kiswahili, Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa jina la Peponi, lakini wewe anza na Kiingereza chake. Kijana anayeitwa Yusuf anatolewa na baba yake kwa tajiri ili kulipa deni, na tajiri huyo anaitwa Ami Aziz. Msomaji wa Biblia atakwambia mara moja: hiki ni kisa cha Yusufu aliyeuzwa Misri. Ni kweli, lakini atakuwa amekiona nusu. Katika Mwanzo bwana aliyemnunua Yusufu anaitwa Potifa. Anayemwita Aziz ni Kurani, katika Sura Yusuf. Wewe hilo unalijua tangu miaka kumi, na pengine hukuwahi kufikiri kuwa ni elimu ya fasihi.

Endelea mbele. Mke wa tajiri anamtaka kijana, kijana anakimbia, mwanamke anamsingizia. Katika Mwanzo, sura ya 39, Yusufu anakimbia anaiacha nguo mkononi mwa mwanamke, na nguo hiyo ndiyo inayomtia hatiani. Katika Kurani nguo imechanika nyuma, na kuchanika nyuma ndiko kunakomsafisha, maana aliyekabili huchanikiwa mbele na anayekimbia huchanikiwa nyuma. Basi katika riwaya shati la Yusuf limechanika wapi? Nyuma. Na kijana mwenyewe analitaja hilo kuwa ndiyo ushahidi wake. Gurnah ameshika ushuhuda wa Sura Yusuf akautia katika riwaya ya Kiingereza, na msomaji asiyeijua sura ile anaona shati tu.

Hapo darasa zima watakugeukia wewe. Padri yule yule wa wino mwekundu aliniambia nisimame nieleze, akaandika nilichosema katika nakala yake ya kitabu kwa penseli. Nilikuwa na umri kama wako.

Na Gurnah mwenyewe amepita njia unayoiogopa. Amezaliwa hapa Zanzibar 1948, akaondoka baada ya mapinduzi, akafika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960 kijana asiye na kitu. Masomo yake ya chuo aliyaanzia Christ Church College, mjini Canterbury, chuo ambacho Kanisa la Uingereza lilikianzisha 1962 kulea walimu. Baadaye akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Kent 1982, akasomesha fasihi hapo hapo miaka mingi, na 2021 akapewa Tuzo ya Nobeli. Mtoto wa Kizanzibari, Muislamu, katika chuo cha kanisa. Alichokiandika baada ya hapo kimejaa Unguja, bahari, majahazi, masheikh, ugomvi wa nyumba za Mji Mkongwe. Hakubaki yule yule aliyeondoka, hilo baba ni lazima alijue, hakuna mtu anayesoma akarudi vile vile, awe amekwenda Mwanza, Madina au Wete mjini. Lakini tazama alikirudia nini alipokamata kalamu.

Tuje kwenye kuandika, maana naona ndiko kunakokutia homa.

Tatizo lako la kwanza silo Kiingereza, ni namna skuli ilivyokufunza kujibu. Kidato cha nne na cha sita ulijibu maswali ya fasihi kwa hoja: tatu za kitabu hiki, tatu za kitabu kile, kila hoja na jina la dhamira juu yake, na mfano mmoja uliouchukua katika mwongozo. Umasikini, usaliti, nafasi ya mwanamke, rushwa. Umepasi kwa njia hiyo, na mimi pia. Chuo kikuu njia hiyo itakuangusha muhula wa kwanza. Mhadhiri hataki kujua kwamba riwaya ina dhamira ya usaliti, hilo analijua. Anataka umuonyeshe ukurasa mmoja, sentensi moja, usaliti unavyofanya kazi ndani yake: nani anazungumza, nani amenyamazishwa, kwa nini mwandishi ameweka kituo pale na siyo mbele. Hoja moja uliyoichimba kurasa tatu inazidi hoja sita ulizozipanga.

Pili ni lugha yetu inavyovuja ndani ya ile nyingine. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi, wote ni yeye. Basi katika insha zenu mama anaanza mstari wa kwanza ni mwanamke, mstari wa tatu amekuwa mwanamume, na aliyeandika haoni, kwa kuwa kichwani mwake ni yeye yule yule. Kila ukimaliza insha, pitia mara moja nzima kutafuta hilo peke yake. Pitia mara ya pili kutafuta vile vineno vinavyotangulia nomino katika Kiingereza, "a" na "the", ambavyo sisi hatunavyo. Usijaribu kusahihisha yote kwa pamoja, macho hayawezi. Na unaposimulia yanayotokea kitabuni andika kwa wakati uliopo, ndiyo desturi yao: Yusuf anakimbia, siyo alikimbia.

Dawa ninayowapa wanafunzi wangu ni ya kizamani. Nakili kwa mkono ukurasa mmoja wa mwandishi mzuri kila siku, pole pole, kama tulivyoandika ubaoni kwa wino chuoni. Kisha usome kwa sauti. Mkono unajifunza sentensi inavyogeuka kabla ya kichwa hakijajua kanuni yake. Nimeona vijana waliokuja hawawezi kuunga sentensi mbili wakaandika vizuri baada ya mwaka, kwa hilo tu na kusoma kwingi. Aliyenihuzunisha ni kijana mwenye kipaji aliyeipa programu ya akili mnemba imwandikie insha zake zote. Mwaka wa tatu nilimkalisha mbele yangu na karatasi tupu, hakuweza aya moja. Usijifanyie hivyo.

Sikio unalo tayari, mradi hukuliacha. Unajua mizani: shairi la tarbia, mstari una mizani kumi na sita, nane na nane, kina cha kati na kina cha mwisho. Utenzi mstari wake ni mizani nane. Atakapokuja mhadhiri kukwambia kuwa soneti ya Shakespeare ina mistari kumi na minne na kila mstari silabi kumi, wenzako watahesabu kwa vidole, wewe utasikia. Ila ujue tofauti: Kiingereza hakitosheki na hesabu ya silabi, kinasikiliza mkazo, silabi nyepesi ikifuatwa na nzito, mara tano. Gonga meza huku unasoma. Usiku wa kwanza utaona kama ngoma ya watu wengine, baada ya wiki mguu utaanza kuitikia.

Na andika Kiswahili, usikiache. Vyuo vyetu, hata vilivyo vizuri, uandishi wa kubuni mara nyingi ni kozi moja au mbili ndani ya shahada, kwa hivyo usisubiri chuo kikufanye mwandishi. Weka daftari. Andika soko la Wete asubuhi mashua zinapoingia, andika nyanya yako anavyomwita paka. Ukiwa Mwanza au Dodoma na baridi imekushika utaona yale mambo ya nyumbani yanakuja yenyewe, na yanakuja kwa Kiswahili kwanza. Yaache yaje hivyo, kuyavusha ni kazi ya baadaye.

Mjomba nimjibu kwa ufupi. Shahada yako ni ya ualimu pamoja na fasihi, na skuli zetu za sekondari zinasomesha kwa Kiingereza, kwa hivyo mwalimu wa Kiingereza anayejua kazi yake hutafutwa kwa tochi mchana. Kuna tafsiri, uhariri, utangazaji, na utalii ambao mjomba anauona kila siku. Hakuna utajiri hapo na sitamdanganya. Muulize kuhusu Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar badala ya kubishana naye, huenda akawa na mtu anayemjua pale.

Boti na karatasi za chuo zina muda wake. Kazi yako ya wiki hii ni hii. Fungua msahafu, Sura Yusuf, kutoka aya ya 23 mpaka ya 29. Fungua Biblia, Mwanzo 39. Azima kwa jirani kama nyumbani haimo, na mwambie baba unaiazima kwa nini. Weka daftari katikati, uandike kwa Kiingereza maneno mia mbili juu ya ile nguo tu: imechanika wapi, imebaki kwa nani, inamshuhudia nani. Dini ipi ya kweli usiseme. Adabu za kisa usiseme. Nguo tu. Kisha msomee baba, umfasirie kwa Kiswahili, nami uniletee yote mawili, ulichoandika wewe na alichosema yeye.